Pombe ya Ndizi, Jina la Ulezi

Mwenye sherehe Jumamosi haanzi kupika mbege Ijumaa. Huanza wiki mbili nyuma, kule kwenye migomba. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa lakini bado wa kijani, ukavundikwa darini juu ya moshi wa jiko au kwenye shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba, na mpishi huuchungulia kila siku hadi maganda yawe ya njano na yaanze kutoa madoa meusi. Siku hizohizo ulezi umeloweshwa, ukatandazwa na kufunikwa ili uote. Tunda na nafaka hushika kila kimoja njia yake, na havikutani mpaka siku ya mwisho.

Hii ndiyo pombe ya Wachagga wa miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho, kupita Uru, Old Moshi, Kilema na Marangu, hadi Mwika na Rombo. Rangi yake ni ya kahawia. Ni nzito, chenga za ulezi huelea ndani yake, na mnywaji hukutana na uchachu, utamu na uchungu katika funda moja. Wageni huiita pombe ya ndizi, na kwa kuangalia kinachojaa chunguni hawajakosea, kwa sababu ndizi ndiyo nyingi. Ila jina lenyewe linasema jingine. Kwa Kichagga, mbege ni ulezi.

Hapo ndipo historia ya kinywaji hiki inapoanzia. Pombe imejaa tunda, lakini imebeba jina la nafaka. Mtu hawezi kukiita chai kinywaji kilichojaa maziwa isipokuwa majani ya chai yana heshima yake ya pekee, na ndivyo ilivyo kwa ulezi mlimani. Ukikosa ndizi za aina hii utatumia za aina ile. Ukikosa ulezi, ulichopika kinaweza kulewesha, lakini hakuna mzee wa Kichagga atakayekubali kukiita mbege.

Mimea hiyo miwili ilifika mlimani kutoka pande mbili za dunia. Ulezi ni mtoto wa Afrika. Wakulima wa nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda waliufuga kutoka kwenye nyasi ya porini maelfu ya miaka iliyopita, na punje zake ndogo, ambazo huwashinda wadudu wa ghalani, huweza kukaa miaka bila kuharibika. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ulezi ulikuwa akiba ya njaa na pia nafaka ya pombe. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Ulivuka Bahari ya Hindi zamani sana, kabla Wareno hawajaiona Mombasa, ukapanda bara polepole kwa kung'olewa chipukizi hapa na kupandikizwa pale, maana mgomba wa kulimwa hauna mbegu. Safari hiyo imeacha alama. Mchare, ndizi ambayo Wachagga hupikia mtori, ina ndugu zake wa karibu Zanzibar na Komoro.

Kwa hiyo kila pipa la mbege lina ndoa ndani yake. Nafaka ya nyanda za juu za Afrika imeolewa na tunda lililokuja na bahari, na waliowaozesha ni wanawake wa mlimani ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu ufundi wake hauonekani kwa haraka. Ndizi mbichi imejaa wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Kuvundika ndiko kunakofanya kazi ya kwanza: ndani ya siku chache karibu wanga wote wa ndizi hugeuka sukari bila moto wala mashine. Ndizi zilizoiva humenywa, hutiwa kwenye pipa au sufuria kubwa pamoja na maji, na huchemshwa kwa saa nyingi. Mpishi hapimi kwa saa ya ukutani bali kwa rangi. Rojo huanza likiwa la njano hafifu, likaingia rangi ya chungwa, kisha likaiva kuwa jekundu la kahawia kama chai iliyokolea. Rangi ya mbege, inayowafanya wageni wadhani imechanganywa na kitu kilichochomwa, hutoka kwenye moto huu wa ndizi. Anayeharakisha hupata pombe iliyopauka, na wanywaji wataijua kabla hawajaonja.

Rojo hilo hupoozwa, humiminwa kwenye chombo na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Hapo huachwa siku kadhaa, hata kufikia wiki, likiumuka lenyewe kwa chachu iliyomo hewani na kwenye chombo. Huitwa nyalu. Povu hupanda, machicha huelea juu, na harufu kali ya uchachu huenea uani kiasi kwamba jirani anajua nyumba ile ina shughuli. Siku ya kuchanganya, nyalu huchujwa na machicha hukamuliwa hadi yabaki makavu.

Upande wa pili, ulezi ulioota umekaushwa na kusagwa. Kimea hicho kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, kazi ileile ambayo ndizi hujifanyia yenyewe ikiiva. Unga hupikwa uji mwepesi uitwao mso, ukapoozwa, kisha maji ya ndizi yaliyochacha humwagwa humo. Chachu iliyokuwa imechoka kwa siku nyingi hupata chakula kipya na kuamka kwa nguvu. Kilichochanganywa mchana kinanyweka kesho yake, na keshokutwa yake kimeshaanza kuwa kikali mno. Mbege haiwekwi. Ikishaiva ina siku moja au mbili za uzuri wake, na hilo pekee lilitosha kuifanya pombe ya watu wengi: huwezi kupika pipa zima ukalinywa peke yako.

Kuna kitu cha tatu, nacho ni gome la msesewe. Ni mti mkubwa unaopenda kingo za mito na vijito, na gome lake chungu huchemshwa na kuongezwa kidogo ili kuukata utamu wa ndizi, kama bia za Ulaya zinavyokatwa utamu kwa maua ya hopi. Wengi huuita kwinini, na wapo wanaoamini kwamba mnywa mbege anakunywa dawa ya malaria. Hapo panahitaji kurekebishwa. Msesewe, ambao wanasayansi huuita Rauvolfia caffra, ni mti tofauti kabisa na mkwinini wa Amerika Kusini na hauna kwinini ndani yake. Uchungu wao unafanana, na jina limehama kwa sababu ya ulimi. Kipimo chake pia si cha kuchezewa, kwa kuwa gome la jamii hii ya miti lina kemikali zinazogusa moyo na shinikizo la damu. Mpishi mzoefu hutia kidogo na kuonja, hutia tena na kuonja.

Desturi ya kutia matunda kwenye pombe ya nafaka ipo sehemu nyingine za dunia. Huko Oudenaarde, Ubelgiji, watengenezaji wa kampuni ya Liefmans hulowesha cheri ndani ya bia ya kahawia ambayo tayari imeshakuwa bia, na tunda huja kama mgeni anayeongeza harufu na wekundu. Kilimanjaro mpangilio ni kinyume. Tunda hutangulia kwa siku nyingi, huumuka na kuwa kileo kwanza, kisha nafaka huja kulimalizia. Anayeiita ndizi ya mbege kiungo cha kuongeza ladha atakuwa ameuangalia mlima kwa nyuma.

Ili kuielewa nafasi ya mbege katika maisha ya watu, turudi nyuma kidogo. Mwezi wa Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa njiani kutoka pwani kuelekea Uchagga akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, alipouona mlima wenye theluji ambao wasomi wa Ulaya walikataa kwa miaka kuamini kwamba upo. Alipokelewa Kilema na Mangi, yaani chifu, Masaki, na baadaye akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Nchi waliyoikuta wageni hao na waliowafuata ilikuwa imegawanyika kwa mamangi wengi, kila mmoja na kipande chake cha mteremko, na iliwashangaza kwa jambo moja: maji. Wachagga walikuwa wameyatoa kwenye mabonde ya mito na kuyatembeza mabegani mwa vilima kwa mifereji iitwayo mifongo, maili nyingi, kwa jembe la mkono na jicho tu.

Maji hayo na mbege havitengani. Ulezi wa mlimani ulikuwa zao la kumwagiliwa, ukipandwa kwenye mashamba ya chini na kupewa maji ya mfongo msimu wa kiangazi. Mfongo nao ulitunzwa na wote walioutumia. Ukibomoka au ukijaa tope, wanaume walitoka kuutengeneza, na pombe ilikuwa sehemu ya kazi hiyo: ilinywewa baada ya kazi, na asiyetokea aliweza kutozwa faini ya pombe. Hivyo maji yalistawisha ulezi, ulezi ukawa mbege, na mbege ikawarudisha watu kwenye kuchimbua maji. Mzunguko huo ulikuwa uti wa mgongo wa vijiji, na ni vigumu kuona ungesimama vipi bila pombe ambayo haiwezi kufichwa wala kulimbikizwa.

Mangi alikuwa na sehemu yake katika pombe iliyopikwa. Ukoo nao ulikuwa na utaratibu wake. Katika vikao vya ukoo mbege haikunywewa kiholela. Iligawiwa kwa umri na ukubwa, na kata, kile kibuyu kilichokatwa na kubaki na mpini wake, ilipita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kijana aliyekaa kikao kimoja tu alijua nani ni mkubwa wa nani bila kuambiwa. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeandika kwa kina juu ya sheria za Wachagga katika kitabu chake cha 1986, alionyesha jinsi mambo mazito ya ardhi, urithi na madeni yalivyosikilizwa kwenye mikusanyiko ya namna hiyo, na pombe ikiwa ushahidi kwamba kikao kilikuwa halali. Kabla yake Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi kwa miongo, alikuwa ameshajaza kurasa nyingi kuhusu desturi hizo, na kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilitoka 1926.

Mwenye kosa aliyetaka kusamehewa alipeleka jani la sale, ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na penye makaburi. Kulikataa jani hilo lilikuwa jambo zito. Baada ya jani kupokelewa, mbege ilifuata. Hali kadhalika kwenye posa na mahari: mikungu, mbuzi na fedha vina nafasi yake, lakini upande wa binti hungoja pombe ipelekwe, na ubora wake husemwa kwa miaka. Familia iliyopeleka mbege nyepesi imetangaza uchoyo wake yenyewe.

Wapishi walikuwa, na bado wengi wao ni, wanawake. Jambo hili lilipata uzito mpya kahawa ilipoingia. Mapadri wa Kikatoliki wa Kilema walikuwa miongoni mwa waliopanda miche ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19, na kahawa ikakubali vizuri kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani walianzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika uliopata sifa kuliko wote Tanganyika. Fedha ya kahawa iliezeka nyumba mabati na kujenga shule. Ila fedha hiyo iliingia mfukoni mwa wanaume, kwa kuwa mkahawa ulihesabiwa mali ya baba. Ndizi zilibaki za mama. Mkungu aliouuza sokoni Mwika au Kiboriloni, na pipa la mbege alilouza kwa kata kata, vilikuwa fedha yake mwenyewe, ya chumvi, mafuta ya taa na daftari za watoto. Historia ya ushirika wa kahawa imeandikwa mara nyingi. Ya mapipa haya inastahili kuandikwa kwa uzito uleule.

Utawala wa Waingereza ulizigawa pombe kwa rangi ya mnywaji. Pombe kali za Wazungu zilikatazwa kwa Waafrika, na za kienyeji zikawekewa vibali na vilabu ili zisimamiwe na kutozwa kodi. Baada ya uhuru mgawanyo wa rangi uliondoka, lakini leseni ilibaki. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka masharti ya kupika na kuuza, pamoja na saa za kufungua na kufunga. Kwa mama anayepikia uani kwake, sheria hiyo ndiyo mstari kati ya pombe ya sherehe, inayogawiwa, na pombe ya biashara, inayohitaji karatasi.

Makanisa nayo hayakuwa na kauli moja. Wapo viongozi wa dini waliovumilia mbege kama sehemu ya ukarimu wa watu, na lilipofika vuguvugu la uamsho katika makanisa ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki, waliookoka waliiacha kabisa. Tangu hapo sherehe nyingi za mlimani hutenga chombo cha wasiokunywa, mara nyingi togwa au soda. Meza ni moja, vikombe ni viwili, na watu wamezoea.

Ukitoka Kilimanjaro kuelekea magharibi, ndizi na nafaka hukutana tena, lakini kwa mkono mwingine. Kagera hupika lubisi. Rwanda wana urwagwa, Burundi urwarwa, Uganda tonto, na Kivu, mashariki mwa Kongo, kasiksi. Huko ndizi mbivu haziendi motoni. Hukamuliwa bila kupikwa, pamoja na nyasi, kwa mikono au kwa kukanyagwa kwa miguu ndani ya hori la mti lenye umbo la mtumbwi, mpaka juisi safi itoke. Mtama uliokaangwa na kusagwa hunyunyizwa, na siku moja au mbili baadaye pombe iko tayari. Rangi ya kahawia ya pombe hizo hutoka kwenye mtama uliokaangwa. Ya mbege hutoka kwenye ndizi iliyochemshwa. Ni njia mbili za kufikia rangi moja, na zinaonyesha kwamba watu wa nchi za migomba walijifunza kila mmoja kwa jiko lake.

Ulezi wenyewe umeuacha mlima. Mashamba ya chini yaliyokuwa yake yamechukuliwa na mahindi na maharage, chakula cha familia zilizoongezeka huku vihamba vikigawanywa baba kwa mtoto hadi vingine kubaki na upana wa nyumba na migomba michache. Leo mpishi wa Marangu hununua ulezi sokoni, uliofika kwa magunia kutoka mikoa mingine ya nchi. Mifongo mingi imekauka au imeyapisha mabomba. Migomba nayo imepambana na mnyauko na magonjwa ya majani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia: migomba, kahawa, miti ya asili na ng'ombe wa zizini katika kipande kimoja cha ardhi. Utambuzi huo ni wa haki, na mbege ni sababu mojawapo ya migomba hiyo mingi kupandwa.

Hali ya jina ndiyo inayogusa zaidi. Siku ulezi ulipoota jirani na nyumba, jina mbege lilikuwa na shamba lake, mfongo wake na msimu wake. Sasa limebaki chunguni. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam analijua kama jina la kinywaji cha babu, na huenda asijue kwamba anataja nafaka.

Desemba huwarudisha. Mabasi ya Moshi hujaa kuanzia wiki ya pili ya mwezi, na wenye magari hufuatana usiku kucha barabara ya Korogwe na Same. Wanaotoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi hukuta nyalu imeshakaa siku tano, imefunikwa kwa majani, nyuma ya jiko. Mpishi hakubali kuifunua kabla ya wakati hata akibembelezwa na mjukuu wake mkubwa. Siku ikifika hupika mso alfajiri, huuacha upoe hadi kidole kiweze kuuvumilia, kisha humimina maji ya ndizi taratibu, akikoroga kwa mwiko mrefu kuelekea upande mmoja. Hutia msesewe kidogo. Hufunika, na watu hutumwa kufanya kazi nyingine.

Kesho yake jani huinuliwa. Povu limepanda hadi ukingoni, na chenga za ulezi zinazunguka juu yake polepole. Mpishi huchota kata ya kwanza na kuinywa yeye mwenyewe mbele ya wote, kwa sababu anayepika ndiye anayeonja kwanza. Ya pili humpelekea mzee aliyekaa mwanzo wa benchi.